Kionjo cha Filamu ya Katuni: Kuonjesha si Kusimulia

Neno kionjo, ambalo sasa hutumiwa kumaanisha kipande kifupi cha kuitangaza filamu, limetokana na kitenzi onja. Anayeonja hashibi, hupata ladha ya kumfanya aungoje mlo. Maana hiyo si ngeni Geita. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu hutwanga kipande cha jiwe, akakiosha kwa maji kwenye karai, ndipo akaamua kama shimo linastahili jasho lake. Kipande hicho hakimpi dhahabu yote, lakini hakina budi kuwa cha shimo hilohilo.

Vionjo vingi vya filamu za katuni hukiuka masharti haya. Huorodhesha vichekesho, humfichua adui na kusimulia kisa hadi karibu na mwisho. Makala haya yanashikilia kuwa kionjo bora hakisimulii kisa, bali huzua swali moja na kulipanda moyoni mwa mtazamaji kwa picha na sauti.

Mfano ulio wazi ni kionjo cha kwanza cha The Lion King, kilichoonyeshwa na kampuni ya Disney Novemba 1993, miezi saba hivi kabla ya filamu yenyewe kutoka. Filamu hiyo ina majina ya Kiswahili, kama Simba na Rafiki, lakini kionjo chake hakikutegemea mazungumzo. Kilikuwa onyesho zima la ufunguzi: jua linachomoza, sauti ya Lebo M inapaa kwa Kizulu, wanyama wanakusanyika, na mtoto wa simba anainuliwa juu ya mwamba. Hila za Scar na kifo cha Mufasa havikudokezwa.

Kwa upande wa picha, nguvu ya onyesho hilo imo katika mwelekeo na kipimo. Twiga, tembo na ndege wote wanaelekea mahali pamoja, na jicho la mtazamaji linawafuata; kisha mbuga nzima inafinywa hadi kwenye kiumbe mmoja mdogo. Kwa upande wa hisia, kumtoa mtoto mbele ya jamaa ni tukio lisilohitaji mkalimani. Swali linabaki: mtoto huyu atakuwa nani? Linafuata pigo moja zito, jina la filamu, kisha kimya.

Yamkini itadaiwa kuwa ufanisi huo ni matokeo ya fedha za Hollywood. Dai hilo halina mashiko, kwani Wasukuma wanaijua kanuni hiyo bila ya sinema. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, vikundi hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Wachezaji hutumia nyoka hai na hata sanamu za mti. Sanamu inapotikiswa ikaonekana kuwa na uhai, haihitaji maelezo. Macho huifuata, na miguu huyafuata macho.

Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kurushwa mwaka 2014, imethibitisha kuwa katuni ya Kiswahili inawezekana. Hatari iliyopo ni kudhani kuwa Kiswahili hutukuzwa kwa wingi wa maneno, na hivyo kumpa msimulizi kazi ya kueleza kila picha. Lugha hupata heshima neno moja linapotamkwa mahali pake, baada ya uso kuonekana na kabla ya kimya. Mtengenezaji wa kionjo cha Kiswahili aanze na uso, achague sentensi moja, kisha anyamaze.

Lakini asiweke ladha isiyokuwamo katika filamu. Mwonja asali haonji mara moja, na aliyeonjeshwa asali akauziwa maji ya sukari harudi tena.