Kunde na majani yake katika sufuria ya presha



Zimo majumbani mwetu sufuria nyingi za presha ambazo hazijapata kukaa motoni. Nyingine zililetwa kama zawadi za harusi, nyingine baba wa nyumba alizinunua kwa nia njema alipoona bei ya gunia la mkaa, na nyingi ya hizo zimeishia juu ya kabati, ndani ya maboksi yake, zikivuta vumbi. Ukiuliza sababu utajibiwa mambo mawili: kwamba chombo hicho hulipuka, na kwamba kunde zilizopikwa humo hazina ladha. Akina mama kadhaa wametutaka tulieleze jambo hili kwa urefu, hasa katika mapishi ya kunde na mboga za majani, na leo tunalitimiza ombi lao.

Tuanze na hilo la ladha, kwa kuwa ndilo linalosemwa zaidi na mama zetu wa makamo, na ndani yake umo ukweli. Mwenye kupika kunde kwa presha aghalabu hutia kila kitu kwa pamoja: kunde, mchicha, nyanya, vitunguu, chumvi na tui la nazi. Hufunga mfuniko, akaenda zake. Baada ya nusu saa hufungua na kukuta kitu mfano wa uji wa kijivu; majani yamevurugika, tui limekatika na mafuta yake yanaelea, na ajabu ni kwamba kunde nyingine bado ni ngumu. Mama mkwe huonja, akanyamaza, na ukimya wake watosha kuirudisha sufuria kabatini. Lakini hapo haikukosa sufuria. Kunde na majani ni vitu viwili vyenye haja mbili. Kunde zataka moto mkali na muda. Majani yataka dakika chache. Tui halitaki purukushani hata kidogo. Presha ni ya kunde peke yake. Majani na nazi vina zamu yao baadaye, mfuniko ukiwa umewekwa kando.

Kabla ya kuingia jikoni, inafaa tujue tunachokipika. Kunde ni zao la Afrika, na zile nyeupe zenye jicho jeusi ni aina moja tu miongoni mwa aina nyingi. Sokoni tunaziona pia nyekundu, za kahawia na zenye madoa. Mmea huu mmoja hutupa kitoweo na mboga kwa mpigo, kwani punje zake huliwa na majani yake machanga huliwa vilevile. Watu wa Afrika waliochukuliwa utumwani walivuka nazo bahari, na hata leo katika majimbo ya kusini mwa Marekani ni desturi ya wengi kula kunde zenye jicho jeusi pamoja na mboga za majani siku ya kwanza ya mwaka. Yaani chakula ambacho baadhi ya vijana wetu wanakionea haya mbele ya wageni, huko ng'ambo ni chakula cha kupokelea mwaka. Gramu 100 za kunde kavu zina takriban gramu 23 za protini. Kwa nyumba ambayo samaki au nyama hupatikana mara moja kwa juma, hiyo si hesabu ya kupuuzwa.

Kwa nini basi kunde zimepungua mezani? Kwa sababu ya mkaa. Kunde kavu zisizolowekwa hukaa motoni saa nzima na pengine zaidi, na mama anayenunua mkaa kwa kopo hupiga hesabu na kuona afadhali apike mchicha mtupu.

Hapa ndipo presha inapoleta faida. Pwani, maji huchemka kwenye nyuzi joto 100, na yakishachemka hayapandi tena hata uongeze mkaa kiasi gani. Ule moto wa ziada huishia kuyageuza maji kuwa mvuke unaopotea hewani. Ukiufungia mvuke huo ndani ya chombo kisichopitisha hewa, mgandamizo hupanda na joto hufikia nyuzi 120 hivi, na kwa joto hilo punje hulainika kwa sehemu ndogo tu ya muda wa kawaida. Wenzetu wa nyanda za juu wananufaika zaidi. Mbeya na Nairobi, ambako ni mita 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ndiyo maana kunde zilezile zilizoiva upesi Tanga humsumbua mpishi wa Mbeya hadi akadhani ameuziwa mbovu. Naye atumie presha, ila aongeze dakika mbili tatu juu ya vipimo tutakavyovitaja.

Ama hofu ya kulipuka, tusiibeze. Mvuke uliobanwa una nguvu, na wapo waliounguzwa nao. Aliyeibuni sufuria hii, Mfaransa Denis Papin, mwaka 1679, aliijua hatari hiyo, naye hakuchelewa kuiwekea vali ya usalama. Sufuria za leo zina vali zaidi ya moja. Hata hivyo vali iliyozibwa na ganda la kunde ni sawa na vali isiyokuwapo. Kwa hiyo kila kabla ya kupika, inua mfuniko uelekeze kwenye mwanga, uchungulie tundu la vali. Usipoona mwanga ukipita, lizibue na kulisafisha kwanza. Kagua pete ya mpira iliyomo ndani ya mfuniko. Ikiwa imekauka, imepasuka au imelegea, nunua nyingine. Usiijaze sufuria kunde na maji kupita nusu yake, kwani kunde hutoa povu, na povu ndilo linalobeba maganda kwenda kuziba vali. Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia hupunguza povu hilo. Usiweke kitu chochote kizito juu ya vali kwa nia ya kuharakisha. Na mfuniko ukikataa kufunguka, maana yake bado mvuke umo ndani. Kuulazimisha kwa kisu au kwa nguvu za kijana wa nyumbani ndiko kunakoleta msiba. Watoto wasichezee jirani na chombo hiki, wala kisiachwe motoni mtu akatoka kwenda kwa jirani.

Sasa tupike. Chukua vikombe viwili vya kunde, uzichambue kwenye ungo, uondoe mawe na zilizobunguliwa. Zioshe, kisha uziloweke muda wa saa tatu au nne. Si lazima zilale usiku kucha kama maharage. Ukikosa nafasi ya kuloweka, si neno, muda wa motoni ndio utakaobadilika. Mwaga maji ya kulowekea, tia maji mapya yazifunike kunde na kuzidi kwa vidole viwili, na kama hazikulowekwa yazidi kwa vidole vinne. Weka nusu ya kitunguu, chumvi kidogo na kile kijiko cha mafuta. Usitie nyanya, ndimu wala ukwaju wakati huu. Ukali wa vitu hivyo huzuia ganda la kunde kulainika, na hiyo ndiyo siri ya zile punje ngumu tulizozitaja mwanzo.

Funga mfuniko, weka kwenye moto mkali. Mvuke ukianza kutoka kwa nguvu au filimbi ikilia mara ya kwanza, punguza moto na hapo ndipo uanze kuhesabu: dakika tano kwa kunde zilizolowekwa, dakika 12 hadi 15 kwa zisizolowekwa, na kidogo zaidi kwa zile za msimu uliopita. Wengi huhesabu filimbi, wakaambiana "tatu zinatosha" au "tano zinatosha". Sisi tunapendelea saa ya ukutani, kwa kuwa idadi ya filimbi hufuata ukali wa moto, nao moto wa mkaa wa leo si wa jana. Mwenye jiko la mkaa apunguze moto kwa kufunga kijimlango cha chini na kutoa makaa mawili matatu kwa koleo. Muda ukitimia, epua na uiache sufuria itulie yenyewe dakika kumi hadi kumi na tano. Subira hiyo ni sehemu ya mapishi. Kunde huendelea kuiva kwa joto lililobaki bila kula mkaa, ilhali ukiutoa mvuke kwa ghafla, maganda hupasuka na povu la moto huruka kupitia kwenye vali.

Zikiiva, usimwage mchuzi wake. Humo ndimo zilimoingia baadhi ya vitamini zilizotoka kwenye punje, na ndimo ulimo utamu.

Katika sufuria nyingine ya kawaida, au ileile ya presha iliyokwisha kupakuliwa, kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, ufuatishe kitunguu saumu, bizari ya manjano na nyanya mbili zilizokatwa. Nyanya zikilainika, tia kunde na mchuzi wake pamoja na tui jepesi, uache vichemke kwa utulivu. Kisha ndipo majani yaingie. Majani machanga ya kunde, yaliyochumwa na kuondolewa vikonyo vigumu, yakaoshwa ndipo yakakatwa, huhitaji dakika saba hadi kumi. Mchicha hutosheka na dakika nne au tano, na matembele yako katikati ya hivyo viwili. Mfuniko usiwekwe, ili majani yabaki na rangi yake. Mwisho kabisa mimina tui zito, ukoroge polepole upande mmoja, na likianza kutokota tu, epua. Kamulia ndimu mezani. Hapo umepata kitoweo cha wali, ugali, chapati au muhogo wa kuchemsha.

Kisamvu hakimo katika hesabu hii, na tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kisamvu cha kunde ni chakula kipendwacho sana na watu wa pwani. Majani ya muhogo mabichi yana sumu ya sianidi. Hutwangwa, kisha huchemshwa kwa muda mrefu katika sufuria iliyo wazi, ili sumu hiyo itoke pamoja na mvuke. Kuyafungia mbichi ndani ya presha kwa sababu ya haraka si jambo la busara. Kichemshwe kisamvu peke yake kwa njia yake ya kale, nazo kunde ziive kwenye presha, kisha vikutanishwe kwenye nazi.

Jambo jingine ni magadi. Tumezoea kuyatia ili kunde zilainike na mboga iwe ya kijani. Ni kweli hulainisha, lakini huharibu vitamini B1 iliyomo katika kunde na vitamini C iliyomo katika majani. Palipo na presha magadi hayana kazi tena, na kwetu sisi hiyo peke yake yatosha kuwa sababu ya kukishusha chombo hiki kutoka kabatini.

Tuitaje pia chai. Kunde na majani vina madini ya chuma, ambayo mama mjamzito na binti aliyebaleghe wanayahitaji sana ili wasipungukiwe na damu, lakini chuma cha mimea hakifyonzwi na mwili kwa wepesi kama kile cha nyama. Ndimu na nyanya humsaidia mlaji kukipata. Chai ya rangi humzuia. Kikombe hicho kisogezwe mbele kwa saa moja baada ya mlo. Tunajua tunawaambia watu wasioweza kula bila chai, lakini kwa mjamzito tunasisitiza.

Kwa wenye umeme, presha ya umeme imeondoa kazi ya kuchungulia saa na kutoa makaa, maana hujizima yenyewe. Wengi huiogopa kwa kudhani inamaliza Luku. Sufuria ya wati 1,000, hata ingevuta umeme bila kupumzika kwa nusu saa, ingetumia nusu ya uniti moja; na kwa hakika haivuti mfululizo, kwani ikishapata joto hukata na kuwaka. Piga hesabu ya uniti hiyo kwa bei unayolipa, uilinganishe na makopo ya mkaa yanayoivisha kunde hizohizo. Onyo moja: sufuria hii isimwagiwe wala kutumbukizwa kwenye maji.

Mwezi wa Ramadhani, mama anaposimama jikoni tangu Alasiri naye amefunga, wepesi huu una thamani zaidi. Chemsha kunde nyingi kwa pamoja, kisha utie nazi kwenye zile tu zitakazoliwa futari ya siku hiyo. Chakula cha nazi huchacha upesi, hasa katika joto la pwani, na mara nyingi tunachokitupa asubuhi si kunde zilizoharibika bali tui lililowahi kuingia. Zilizobaki bila nazi zikae kwenye friji siku mbili hadi tatu; asiye na friji apike za siku moja tu, kwa kuwa presha imemwondolea haja ya kulimbikiza.

Juma lijalo, Insha Allah, tutakirudia kisamvu, tueleze utwangaji na uchemshaji wake kwa wale ambao nyumbani kwao hakuna kinu.