Ndege Ilishinda; Nachingwea Je?

Mei 1952, ndege ya jeti aina ya Comet ilianza kuchukua abiria kutoka London hadi Johannesburg, safari isiyotimiza siku mbili. Meli za British India zilitumia majuma kadhaa kufika pwani yetu. Ile iliyoitwa Kenya iliondolewa kazini 1969. Hatuilaumu ndege. Msafiri wa London aliondolewa meli akiwa ameshapewa ndege. Je, ndugu zetu? Nachingwea iling'olewa reli ya karanga mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla barabara njema haijapatikana. Mtu wa huko, kama mwenzake wa Ruangwa, alipokwenda Dar es Salaam kwa gari aliendelea kungoja pantoni ya Rufiji, na masika njia ikafungwa, mpaka daraja lilipofunguliwa 2003. Miaka 40, wasomaji!