Mwenye Nyumba na Mpangaji Wake: Mambo ya Gisenyi

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, kiasi cha saa moja jioni, mlima Nyiragongo ulipasuka. Lava ilishuka upande wa Goma ikateketeza vijiji na kusimama pembezoni mwa mji huo. Gisenyi ilinusurika na moto, lakini haikunusurika na ardhi yenyewe. Kwa siku kadhaa zilizofuata mitetemeko iliandamana mchana na usiku, baadhi yake ikiwa na nguvu ya kipimo cha 5 na zaidi. Kuta zilipasuka, barabara zilichanika, na nyumba nyingine za wilaya ya Rubavu zilianguka kabisa. Watu wengi walilala nje wakiogopa mapaa yao wenyewe.

Ardhi ilipotulia, katika nyua za nyumba za kupangisha palibaki swali ambalo mikataba mingi haikulijibu: nyumba imepasuka, pango limekwisha kulipwa; hasara ni ya nani?

Chukuliwe mfano wa sajini mmoja wa jeshi. Alikopa fedha katika Zigama CSS, chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi, polisi na askari magereza kilichoanzishwa mwaka 1997, akajenga nyumba ya vyumba vitatu huko Mbugangari, si mbali na mpaka mdogo wa Petite Barrière. Mwenyewe yuko Jamhuri ya Afrika ya Kati katika kikosi cha kulinda amani. Pango ni faranga 100,000 kwa mwezi, na karibu zote huishia katika marejesho ya mkopo. Mkewe, anayekaa na watoto katika vyumba vya uani, ndiye mwenye nyumba kwa maana halisi ya neno: yeye hupokea fedha, husikiliza malalamiko, hutafuta fundi. Mpangaji wao ni mfanyabiashara mwenye mke na watoto wanne, na alilipa miezi mitatu mbele.

Asubuhi baada ya mtetemeko mkubwa mpangaji alibisha hodi uani.

"Mama, ukuta wa chumba cha watoto unapitisha mkono. Nimelipa miezi mitatu, na mwezi wa kwanza haujaisha."

"Pole sana, baba. Nami naona. Lakini fedha zile zimekwisha kwenda benki, na mwenyewe yuko Bangui."

Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo ulipo uzito wa jambo. Mtu asiyemiliki nyumba hudhani kwamba mwenye nyumba ni tajiri anayekula fedha za bure. Fikra hiyo ina mizizi mirefu katika Afrika Mashariki. Tanzania mwaka 1971 serikali ilitwaa nyumba za kupangisha zilizokuwa na thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, na wapo wengi waliosema wamestahili. Lakini wenye nyumba wengi wa Gisenyi ni watu wa nyumba moja au mbili: mjane, mwalimu, askari, mchuuzi. Faranga moja ikikwama kwa mpangaji, imekwama pia benki.

Hata hivyo, uchovu wa mkopo haubadili asili ya pango. Pango ni bei ya makazi. Mtu halipi ukuta wala bati. Hulipa usalama wa kulala. Nyumba isipoweza kulalwa, aliyelipa amenunua kitu ambacho hakikupatikana, na miezi iliyobaki ni haki yake hata kama hakuna wa kulaumiwa kwa mlima. Kwa upande wake mpangaji hawezi kumdai mwenye nyumba fedha za hoteli, wala kumtaka ajenge ukuta kwa siku tatu, maana tetemeko si kosa la mtu. Haya yangeandikwa kwa sentensi mbili tu katika mkataba: kwamba nyumba ikiharibika kwa tetemeko, mafuriko, moto au vita hata isikalike, pango husimama tangu siku hiyo, na kwamba fedha zilizolipwa mbele hurudishwa katika muda uliotajwa. Mikataba inayonunuliwa kwenye vibanda vya kuchapa karatasi aghalabu haina sentensi hizo, kwa sababu imenakiliwa kutoka miji isiyokaa chini ya volkano.

Nyiragongo si mgeni. Ulipasuka tarehe 10 Januari 1977, na tena tarehe 17 Januari 2002, siku ambazo maelfu ya watu wa Goma walivuka mpaka na kujaa Gisenyi. Hapana budi basi anayejenga nyumba ya kupangisha chini ya mlima huo ahesabu tetemeko kama anavyohesabu mvua ya masika: msingi wa mawe ya volkano uliofungwa vizuri, nguzo za zege kwenye pembe, na mkanda wa zege unaozunguka juu ya madirisha. Nyumba ya matofali ya udongo isiyo na mkanda huo hupendeza ikipakwa chokaa, lakini ndiyo inayotangulia kufunguka pembeni.

Tena ipo tabia moja ambayo haina budi kukemewa. Baada ya mitetemeko wapo wenye nyumba walioziba nyufa kwa lipu, wakapaka rangi, wakapangisha kwa mgeni asiyejua habari za ukuta ule. Ufa mwembamba wa lipu si jambo kubwa. Ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, unaopenya upande wa pili, au unaozidi kupanuka wiki hadi wiki, huo ni habari nyingine; aitwe mhandisi, au ofisi ya ujenzi ya wilaya iulizwe, kabla ya kuuita "ufa wa kawaida". Mwenye nyumba anayejua kasoro na kuificha hawezi kujitetea baadaye kwa kusema kwamba ni kazi ya Mungu.

Maji nayo yana madai yake. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi katika magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Watu zaidi ya 130 walipoteza maisha na nyumba zaidi ya 5,000 zilibomoka. Katika Rubavu mto Sebeya ulitoka kitandani mwake na kuingia majumbani, hasa pande za Nyundo, Rugerero na Kanama. Wengi walikuwa wamelala. Baada ya hapo viongozi walitia alama nyumba zilizo katika maeneo ya hatari na kukataza watu kurejea humo.

Nyumba iliyotiwa alama haipangishwi. Haipangishwi kwa bei ya chini, wala kwa muda mfupi, wala kwa mtu aliyekubali mwenyewe. Mtu maskini hukubali mengi. Familia inayotafuta chumba cha bei nafuu mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, itakubali hata chumba kilicho hatua kumi kutoka mtoni, na mwenye nyumba atajiliwaza kwamba hakumlazimisha mtu. Anayepokea pango la chumba cha namna hiyo anapokea fedha za bahati nasibu inayochezwa na watoto wa mwenzake.

Katika ukanda wa kaskazini wa ziwa Kivu kuna hatari nyingine isiyoonekana, ambayo wenyeji huiita mazuku. Ni hewa ya kaboni itokayo ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, ikatuama katika mabonde na mashimo hasa usiku na alfajiri kusipokuwa na upepo. Huua mbuzi, na imekwisha kuua watu. Mwenye kiwanja chenye shimo au bonde ambamo wadudu na ndege hukutwa wamekufa asijenge humo chumba cha chini cha kupangisha. Na mgeni aonyeshwe mahali hapo siku ya kwanza, kama vile anavyoonyeshwa choo na bomba la maji.

Hayo ni ya ardhi. Yanayofuata ni ya watu, nayo Gisenyi yana sura yake kwa sababu mji umepakana na Goma ukuta kwa ukuta. Watu hufanya kazi upande mmoja wakalala upande wa pili. Kwa mwenye nyumba ni neema, kwa maana wapangaji hawakosekani. Lakini neema hiyo hufungwa na kufunguliwa pamoja na mpaka. Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona, wapangaji walioishi kwa biashara ya kuvuka walibaki bila kipato, na wenye nyumba bila pango. Januari 2025 mapigano ya Goma yalifika kilele. Tarehe 27 mji huo uliingia mikononi mwa M23, na siku hiyo hiyo makombora yaliangukia Rubavu, yakaua watu na kuharibu nyumba. Bima nyingi za nyumba hazigusi vita, na nyingine haziligusi tetemeko mpaka liongezwe kwa malipo ya ziada. Inafaa mke wa sajini aisome karatasi yake ya bima leo, neno kwa neno, maandishi madogo yakiwamo.

Mji wa mpakani pia hudai mwenye nyumba amjue mpangaji wake. Kitambulisho au pasipoti ionwe na nakala yake ihifadhiwe. Mpangaji na watu wa nyumba yake waandikishwe kwa mkuu wa mudugudu tangu siku ya kuhamia. Huu si uadui kwa mgeni. Mgeni aliyeandikishwa huhesabiwa katika msaada wakati wa maafa, na hatafutwi usiku kama mtu wa mashaka. Familia za askari na polisi zina sababu ya ziada: nyumba yao ikikutwa na mtu asiyejulikana, au na magendo ghalani, swali la kwanza litakuwa juu ya jina la mwenye nyumba na sare anayovaa. Lakini kumjua mpangaji si kumpekua. Akishakabidhiwa ufunguo, chumba ni chake. Kuingia bila hodi, kukata umeme, au kung'oa mlango kwa sababu pango limechelewa ni makosa hata kama deni ni la kweli. Deni lipelekwe kwa viongozi wa mudugudu, kisha kwa wasuluhishi, yaani abunzi, wa akagari. Ikishindikana, mahakama ipo.

Kuhusu dola: ni desturi ya mpakani kupanga bei kwa fedha ya Marekani, hasa kwa wapangaji wa mashirika ya kigeni. Benki Kuu ya Rwanda imekataza bei na malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni bila kibali chake, na imekwisha kuwaonya wenye nyumba mara kadhaa. Mkataba uandikwe kwa faranga.

Lugha ya Kiswahili imeleta mkanganyiko wake mdogo hapa, kwani "kodi" ni kile anacholipa mpangaji na ni kile kinachodaiwa na serikali. Wapo waliodhani kwa dhati kwamba ya kwanza ikipokelewa, ya pili imekwisha. Kwa sheria ya mapato ya serikali za mitaa, nusu ya pango la mwaka huhesabiwa kuwa ni gharama za matunzo na haitozwi. Katika nusu iliyobaki, faranga 180,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 1,000,000 hutozwa asilimia 20. Na kinachozidi hutozwa asilimia 30. Sajini wa mfano anapokea 1,200,000 kwa mwaka. Riba ya mkopo ikiachwa nje ya hesabu, nusu yake ni 600,000; zikitolewa 180,000 zinabaki 420,000, na asilimia 20 yake ni faranga 84,000. Ni zaidi kidogo ya faranga 1,600 kwa wiki, ambazo mama wa nyumba anaweza kuziweka kando katika bahasha bila kuumia, badala ya kuzitafuta zote kwa mkupuo. Hesabu hutangazwa na kulipwa kabla ya tarehe 31 Januari ya mwaka unaofuata, na mwezi huo ndio wa karo za shule baada ya sikukuu. Kabla ya kulipa, aulize ofisi ya mapato viwango vya mwaka huo.

Mwenye nyumba aliye mbali amwachie mkewe karatasi ya mamlaka, iliyothibitishwa na mthibitishaji wa umurenge, ili saini yake katika mkataba isije ikakataliwa. Na yafaa mke awe na daftari moja tu, si vipande vya karatasi ndani ya Biblia au Kurani: tarehe, kiasi, saini ya mpokeaji, saini ya mlipaji. Siku ya mpangaji kuingia wapite pamoja chumba kwa chumba, waandike idadi ya vioo vizima, hali ya vitasa, namba ya mita ya umeme na ya maji, na kila ufa wenye urefu wa shubiri au zaidi. Siku ya kutoka daftari hilo hilo lifunguliwe.

Katika mfano huu, sajini alipigiwa simu jioni ile ile. Mkewe alikuwa na fedha za mwezi mmoja katika kibindo cha kikundi chake cha akiba. Akazirudisha kesho yake, na mwezi wa pili akaurudisha kwa mafungu matatu, kila fungu likiandikwa daftarini. Mpangaji alihamisha watoto kwa ndugu zake. Ukuta ulibomolewa ukajengwa upya, safari hii ukiwa na nguzo za zege kwenye pembe zote mbili, na mkopo ukaongezwa miezi minane. Mwezi wa Oktoba mpangaji alirudi. Kabla ya kupokea ufunguo aliomba taa, akaingia chumba cha watoto, akapapasa ukuta kutoka sakafuni hadi dirishani, naye mama mwenye nyumba akamshikia taa.