Habari za Tembo Zimfikie Mkulima

Siku hizi baadhi ya tembo wa Kenya huvishwa kola shingoni. Ndani yake mna mtambo unaotambua mahali alipo mnyama kwa msaada wa setilaiti, na kupeleka habari hizo kwa wanaomlinda. Wengi hudhani kwamba hapo kazi imekwisha. Mimi naona ndipo inapoanza.

Kila habari yaeleza mambo mawili: mahali na saa. Alama moja katika ramani haitufundishi mengi. Lakini chukua alama mbili, pima umbali uliopo kati yake, ugawe kwa saa zilizopita, utapata mwendo wa tembo. Akikaa mahali pamoja kwa saa nyingi mno, huenda ameumia au amekufa. Akivuka mstari uliochorwa karibu na mashamba, walinzi waweza kupelekewa ujumbe wa simu papo hapo.

Mfano mzuri ni tembo dume aliyeitwa Morgan. Mwaka 2016 alitoka pande za Mto Tana akafika Somalia, safari ya zaidi ya kilomita 200. Waliolinganisha alama zake na saa waligundua kuwa alitembea usiku, na mchana akajificha vichakani. Ramani bila saa isingalionyesha hadhari hiyo.

Basi rai yangu ni hii: mkulima ambaye mahindi yake yako hatarini usiku huu apewe onyo usiku huu huu. Akiambiwa kesho, shamba limekwisha liwa, na pengine mtu amekutana na tembo njiani akauawa.

Wako watakaosema kwamba habari zikienea, majangili nao watazipata. Hoja hiyo ni nzito, na kwa sababu hiyo ramani yenyewe ibaki kwa walinzi. Mkulima hana haja ya kujua tembo analala wapi kila siku. Yamtosha kuambiwa, “Leo wanakuja upande wenu,” apate kuwaamsha jirani zake na kuwazuia watoto wasitoke. Jangili akisikia neno hilo, atakuta kijiji kizima ki macho na walinzi wako njiani.

Tembo na mkulima wote wawili watasalimika. Mwenye rai nyingine na ailete katika toleo lijalo.