Siri ya Mgonjwa Si Yako Kuiambia Simu

Mwezi uliopita katika ibada ya nyumbani pale Katoro, mama mmoja aliinuka kabla ya maombi kwisha, akaondoka. Alikuwa ametuomba tumwombee binti yake, akataja na ugonjwa wenyewe. Hatujafumba macho, kijana wetu mmoja akainua simu, akaisemesha kwa sauti: jina la binti, ugonjwa, dawa anazotumia. Eti anatafuta ushauri. Simu ikajibu kwa Kiswahili kizuri tu. Mama akachukua khanga yake akatoka. Wengine walicheka, wakasema ni mama wa kizamani, anaogopa simu.

Mimi nasema mama alikuwa sahihi, na tuliobaki ndani ndio tuliokosea.

Simu haogopi. Anayo, na hela za mauzo yake anapokelea humo. Alichokataa ni siri aliyotukabidhi sisi kupelekwa kwa wasiomjua. Maana sauti ile kwa kawaida haibaki mfukoni. Husafiri kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni huko ng'ambo, na huweza kuhifadhiwa. Mwaka 2019 kampuni ya Apple iliomba radhi baada ya kujulikana kwamba watu walioajiriwa walisikiliza baadhi ya sauti za wateja. Na msaidizi wake huyo, ajabu, anaitwa Siri! Mwaka 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 kumaliza kesi iliyohusu kuhifadhi sauti za watoto.

Najua jibu lao: asiye na la kuficha haogopi. Basi mbona mlango wa ofisi ya mchungaji hufungwa mtu akienda kushauriwa? Yesu mwenyewe alitufundisha kuomba chumbani, mlango ukiwa umefungwa (Mathayo 6:6). Na huku kwetu Shinyanga na Geita tumezika vikongwe waliouawa kwa ramli chonganishi. Tunajua habari za ugonjwa wa nyumba moja zikishika njia huishia wapi.

Chombo sikikatai. Bibi asiyejua kusoma aiulize simu bei ya pamba. Mchimbaji mdogo aiulize bei ya dhahabu kabla hajafika sokoni. Hayo ni mambo yao. Ugonjwa wa binti wa mwenzako si jambo lako. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Lakini Mkristo angoje sheria ya Bunge, na Mithali 11:13 anayo?

Wanaonisikitisha zaidi ni viongozi wanaowahimiza wazee "waende na wakati". Mzee anayenyamaza simu ikiwekwa mezani anailinda nyumba ya mwenzake, kazi ambayo sisi tumeiacha.

Alhamisi ijayo simu zote zitabaki kwenye kikapu mlangoni. Na kijana yule aende akamwombe mama radhi. Mimi nilikwenda jana. Binti ndiye aliyenifungulia.