Mkono ukikatwa, ubongo haufuti ramani yake

Kama wewe au mtoto wako amepoteza mkono, huenda mnalifahamu jambo ambalo wengi wanaogopa kulisema mbele ya watu. Mkono haupo na kidonda kimepona, lakini vidole bado vinahisiwa. Vinawasha, au vinajikunja kwa nguvu hadi unahisi kucha zinachoma kiganja ambacho hakipo. Usiku, kelele za mchana zikitulia, maumivu huzidi.

Hapa Tabora, kuanzia Cheyo mjini hadi vijiji vya Uyui na Igunga, mikono hupotea kwa njia tunazozijua: ajali ya bodaboda, mashine ya kusaga au kukoboa, sumu ya nyoka, saratani, na mfupa uliovunjika kisha ukafungwa mabanzi kwa kubana mno hadi damu ikashindwa kupita. Wapo pia ndugu zetu wenye ualbino waliokatwa viungo na watu walioamini kwamba vinaleta utajiri. Ukatili huo uliitikisa Kanda ya Ziwa na mikoa ya magharibi kwa miaka kadhaa, na Januari 2015 Serikali ikatangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli.

Mgonjwa akisema mkono uliokatwa unauma, majibu ya mtaani huja haraka. Ataambiwa mkono haukuzikwa vizuri, vidole vilikunjwa kaburini, ufukuliwe unyooshwe. Ataambiwa ni mapepo. Aliyekatwa mkono kwa ukatili anaweza kuambiwa neno zito zaidi, kwamba kuna mtu anautumia mkono wake mahali fulani, ndiyo maana unauma. Hebu fikiria mtoto anayelala na maneno hayo kila usiku.

Ndiyo maana wiki hii nataka tuuangalie utafiti uliochapishwa Agosti 2025 katika jarida la kisayansi la Nature Neuroscience. Unahusu watu walio mbali nasi, lakini unajibu swali la mgonjwa wa hapa.

Ubongo na ramani ya mwili

Juu ya ubongo wako kuna ukanda unaopokea hisia za mwili, na pembeni yake upo mwingine unaoamuru misuli. Kila sehemu ya mwili ina eneo lake pale, kama viwanja vilivyopimwa mtaani. Vidole na midomo vina viwanja vikubwa kuliko mgongo, kwa sababu vina kazi nyingi za kufanya kwa uangalifu. Ramani hiyo ilichorwa na daktari Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, katika miaka ya 1930. Wakati wa upasuaji aligusa ubongo wa wagonjwa walio macho kwa umeme mdogo, nao wakamweleza wanahisi wapi.

Sasa mkono ukikatwa, kiwanja chake kinakuwa cha nani?

Kwa zaidi ya miaka 30, jibu lililofundishwa lilikuwa kwamba majirani wanakivamia. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walieleza habari za tumbili ambao mishipa ya fahamu ya mkono ilikatwa miaka mingi kabla. Walipoguswa usoni, eneo la mkono kwenye ubongo ndilo lililoitikia. Muda mfupi baadaye daktari V. S. Ramachandran alieleza kuhusu watu waliokatwa mikono ambao, wakiguswa shavuni, walihisi vidole vilivyokatwa vinaguswa. Mwaka 1995 watafiti wa Ujerumani wakaongeza kwamba kadiri kiwanja kinavyovamiwa, ndivyo maumivu yanavyozidi. Hivyo maumivu yakaonekana kuwa mgogoro wa ardhi ndani ya ubongo, na tiba ikawa kujaribu kuurudisha mpaka ulipokuwa.

Kilichobadilika mwaka 2025

Tafiti hizo za awali zilikuwa na udhaifu mmoja. Ziliwapima watu ambao mikono ilikuwa imeshakatwa, zikawalinganisha na watu wengine wenye mikono miwili. Hakuna aliyejua ramani ya mgonjwa mwenyewe ilikuwaje kabla ya upasuaji.

Watafiti wa Uingereza na Marekani waliwapata watu watatu waliokuwa wakisubiri kukatwa mkono kwa sababu za kitabibu. Waliwapiga picha za ubongo kwa mashine ya MRI wakiwa wanachezesha vidole na midomo. Baada ya upasuaji waliwapiga picha tena kwa nyakati tofauti, mmoja wao hadi miaka mitano baadaye, wakiwaomba wajaribu kuvichezesha vidole visivyokuwapo. Picha zilifanana mno. Kila kidole kilikuwa bado na kiwanja chake, na midomo haikuwa imevuka mpaka. Wakalinganisha pia na watu wengine 26 waliokatwa mikono miaka mingi nyuma, na hali ikawa hiyohiyo.

Watu watatu ni wachache, na mjadala miongoni mwa wanasayansi haujafungwa. Lakini hii ni mara ya kwanza ramani ya mtu yuleyule kulinganishwa kabla na baada kwa muda mrefu hivyo, na matokeo yanaafikiana na tafiti nyingine za miaka ya karibuni. Hati ya kiwanja bado ina jina la mwenyewe.

Maana yake kwako

Kwanza, unachokihisi ni kweli. Tanzania tunajua maana ya watumishi hewa: jina limo kwenye orodha ya mishahara, mtu hayupo kazini. Huu nao tunaweza kuuita mkono hewa. Jina la mkono limebaki kwenye orodha ya ubongo, ndiyo maana unauhisi. Daktari Ambroise Paré wa Ufaransa aliyaandika maumivu haya katika karne ya 16, na karibu kila mtu aliyekatwa kiungo huhisi kiasi fulani cha uwepo wake. Zaidi ya nusu hupata maumivu. Hawajarogwa, hawajachanganyikiwa, na hakuna kaburi la kufukua.

Pili, chanzo kikubwa cha maumivu huenda kiko chini zaidi, kwenye mishipa ya fahamu iliyokatwa. Ncha zake hujaribu kuota tena, hukosa pa kwenda, hujiviringisha na kufanya kivimbe kwenye kigutu. Kivimbe hicho hupeleka ubongoni ishara za ovyo, na ubongo huzisoma kuwa zimetoka kwenye vidole. Kwa hiyo ukienda hospitali usiseme tu "mkono unauma". Eleza kama ukibonyeza sehemu fulani ya kigutu maumivu yanaruka hadi vidoleni, kama ni ya kuchoma, kubana au shoti, na yanakuja saa ngapi. Kigutu kikiwa chekundu, kinatoa usaha, au una homa, hilo ni jambo jingine. Wahi siku hiyohiyo.

Kinachoweza kufanyika

Panadol peke yake mara nyingi haitoshi kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Daktari anaweza kujaribu dawa kama amitriptilini kwa dozi ndogo. Huwasaidia baadhi, si wote, na ina madhara yake, hivyo usijinunulie duka la dawa. Kivimbe kikithibitika, upo pia upasuaji wa kuiunganisha mishipa iliyokatwa na misuli ili ipate kazi ya kufanya. Hilo linahitaji bingwa na rufaa.

Ipo njia nyingine ya gharama ndogo, ya kioo. Simamisha kioo cha kawaida mezani, mbele ya kifua, upande wake unaong'aa ukiutazama mkono mzima na kigutu kikiwa nyuma. Utakapotazama, utaona kama una mikono miwili. Fungua na ufunge ngumi taratibu, huku ukijaribu kufanya vivyo hivyo na mkono hewa. Fanya dakika 15 kila siku kwa wiki nne, ikiwezekana ukiongozwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati. Ukiona kizunguzungu au maumivu yanazidi, acha. Kwa aliyepoteza mikono yote miwili kioo hakifai. Yeye anaweza kufumba macho na kuwaza polepole vidole vinafunguka.

Kwa mzazi

Mtoto aliyezaliwa bila mkono ni tofauti na aliyeupoteza baadaye. Ubongo wake haukuwahi kuupokea mkono huo, na tafiti zinaonyesha kwamba kiwanja chake hutumiwa na sehemu anazozitumia badala yake, kama mguu, midomo na kigutu. Mwache ashike kwa miguu na meno akitaka. Usimkemee kwamba anatia aibu.

Mtoto aliyepoteza mkono wa kulia atalazimika kuandika, kula na kusalimia kwa kushoto. Tumezoea kuona huo ni utovu wa adabu. Zungumza mapema na babu, bibi na mwalimu wake, ili asichapwe au kusutwa kwa kutumia mkono pekee alionao. Uwezo wa ubongo kujifunza haukukatwa pamoja na mkono, na mkono wa kushoto utaandika vizuri kwa mazoezi ya kila siku.

Akikwambia vidole vyake vinauma, mwamini. Mweleze kwa maneno mepesi kwamba kichwa chake bado kinaukumbuka mkono. Aliyeshambuliwa mwambie waziwazi kwamba waliomkata hawana uwezo wowote juu ya mwili wake kupitia mkono huo. Asipolala, akijitenga na wenzake au akisema heri afe, hiyo ni dharura kama kidonda kinachotoka damu. Mpeleke hospitali.

Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, au Nkinga kwa walio upande wa Igunga. Kama tatizo limezidi uwezo wa hapo, omba rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au KCMC, Moshi, ambako kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981. Kuhusu mkono bandia, uliza mapema na uliza pia nani atautengeneza ukiharibika na nani atambadilishia mtoto mwingine akikua. Utafiti huu una habari njema hapo pia. Mikono bandia inayoongozwa na ubongo bado ni ghali na iko mbali nasi, lakini wanaoibuni sasa wana sababu ya kuamini kwamba ramani wanayoitegemea inadumu kwa miaka mingi.