USIANDIKE "NAPOKEA" KABLA HUJASOMA HAPA



Kuna picha za aina fulani zinazopendwa sana kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Jumba la kifahari katikati ya jangwa, kuta rangi ya mchanga, paa la chini, limejibanza kwenye miamba hata hujui mwamba unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Chini yake watu wa Mungu wanaandika: "Napokea!" "Langu kwa jina la Yesu!"

Mpendwa, unapokea nini hasa? Mwenye nyumba ile amelipa pesa nyingi ili nyumba yake ISIONEKANE. Wewe unajenga ili uonekane. Umepokea bwawa la kuogelea, ukaacha funzo.

Frank Lloyd Wright alipoanza kujenga Taliesin West katika jangwa la Arizona mwaka 1937, alitumia mawe ya palepale, akayashika kwa saruji. Dunia ikapiga makofi. Lakini kina mama wa Rendille na Gabra kule Marsabit wamejua siri hiyo tangu zamani: fito zilizopindwa, mikeka na ngozi juu, siku ya kuhama nyumba inafunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia. Hiyo sisi tukaiita ushamba. Mwaka 2021 Francis Kéré, mwana wa Burkina Faso, alikamilisha chuo karibu na Ziwa Turkana chenye minara mfano wa vichuguu, ya kutoa hewa ya moto juu. Mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Pritzker, heshima kubwa kabisa ya wasanifu majengo. Mithali 6 inamtuma mvivu kwa chungu. Huyu alienda kwa mchwa.

Sasa turudi nyumbani. Sisi Mungu hakutupa jangwa. Alitupa mto Ruiru, Ndarugu, Chania na Thika. Alitupa udongo mwekundu uliokubali kahawa hata aina moja ikaitwa Ruiru 11, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1985. Nasi tumefanya nini? Kahawa tumeing'oa. Ploti ya 50 kwa 100 tumeijaza nyumba kutoka ukuta mpaka ukuta, na palipobaki tukamwaga kabro, tone la mvua lisipate pa kuzama. Halafu tukamwaga kifusi kando ya mto, tukapandisha bedsita orofa tano, tukaandika langoni jina la Ebenezeri.

Unaomba nyumba ya jangwani, na jangwa lenyewe unalitengeneza kwa mikono yako!

Najua utasema, "Pasta, hayo ni mambo ya kaunti. Wewe tuhubirie Injili." Sawa. Fungua Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo darini, mtu asije akaanguka, na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Umeona? Mungu wa Musa alikagua ramani! Kama alidai ukingo juu ya paa, unadhani hajali ukingo wa mto? Sheria ya Kenya imetaja kati ya mita 6 na 30 kutoka kwenye maji, kulingana na mto. Wewe umeacha ngapi?

Mvua za Aprili na Mei 2024 ziliua zaidi ya watu 200 nchini. Baada ya mafuriko husikia watu wakimkemea shetani. Shetani ana dhambi zake nyingi, lakini hakuchimba msingi wako mtoni. Mto haukukufuata. Wewe ndiye uliyeufuata, kisha ukampangishia mama wa watoto watatu chumba cha chini, wewe ukalala mlimani. Yeremia 22:13-14 inamlilia ole mtu wa namna hiyo, anayejijengea vyumba vipana na madirisha makubwa kwa udhalimu, na fundi hajalipwa. Soma mwenyewe usiku huu, usinisingizie.

Sisemi usijenge. Jenga, mpendwa! Lakini uacheni mto njia yake. Acha udongo wazi maji yapate kuzama. Usikate kila mti ndipo ununue feni. Mlipe fundi Jumamosi ifike. Na kama tayari una wapangaji kando ya maji, wahamishe kabla ya masika na uwarudishie deposti yao yote.

Na jambo moja mlijue mapema. Ukiniita nije niweke nyumba yako wakfu, nitauliza kwanza mto uko umbali gani. Kama nyumba imesimama ndani ya mto, chupa ya mafuta itabaki mfukoni, hata kama umeshachinja mbuzi. Na sadaka ya shukrani inayotokana na kodi ya nyumba hiyo, usiilete madhabahuni. Itumie kumtafutia yule mama mahali pakavu.

Ukikubali hilo, sasa andika AMINA.

Mtumishi wenu katika Kristo.